Kutolewa na Kujitoa: Kafara katika "The Rain Came" ya Grace Ogot

Hadithi fupi ya Grace Ogot iitwayo "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyo wa Land Without Thunder (1968), yaweza kusomwa upesi kuwa ni kisa cha mapenzi yaliyoishinda mila. Usomaji huo hulikwepa swali zito: je, ni halali uhai wa mmoja kutolewa ili wengi waishi?

Mwandishi hakuidharau hoja ya wengi. Nchi imekauka, na watu na mifugo wanakufa. Mganga Ndithi amweleza Labong'o, mtawala wa Waluo, kwamba Oganda, binti yake wa pekee, sharti atolewe kwa zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Labong'o aumia kama baba, lakini atii kama mtawala.

Kiswahili hutofautisha kutolewa kafara na kujitoa mhanga. Uadilifu wa tendo umo katika kiambishi -ji-, kinachowafanya mtoaji na mtolewa kuwa mtu mmoja. Kinjeketile, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969), akataapo kuyakana maji mbele ya Wajerumani, amejitoa. Oganda hakujitoa. Jamaa zake washaurianapo, yeye yu mbali nao, akidhani kwamba anatafutiwa mume. Watu wanamchezea ngoma na kumsifu kwa bahati yake. Hata safari yake ya upweke kwenda ziwani, ijapofanana na hiari, ni utii tu. Lakini njiani mtoto ampa hereni amfikishie dada yake aliyekufa, naye Oganda ampa mtoto huyo maji na chakula chake. Katika hadithi nzima, hicho ndicho kipawa alichokitoa kwa hiari yake mwenyewe.

Hatimaye Osinda amwokoa mpenzi wake, na mvua yanyesha. Hapa ndipo penye utata. Mvua hiyo yadhihirisha kwamba kifo hakikuhitajika. Papo hapo yamwondolea Osinda deni zito, kwani ukame ungalizidi, angaliwajibu nini wafu wa kijiji? Hadithi haimlazimishi kujibu.

Aidha, kijiji hakionyeshwi kikiujua ukweli. Huko nyumbani, mvua itapokewa kuwa ni ushahidi kwamba kafara imekubaliwa. Oganda ameokoka, lakini imani iliyomtoa imepata nguvu mpya; na ukame mwingine ukija, atatafutwa binti mwingine.