Shujaa Ambaye Hakuwapo: Uhakiki wa Tamthilia ya Chernobyl

Katika sehemu ya mwisho ya Chernobyl, tamthilia ya televisheni ya mwaka 2019 iliyoandikwa na Craig Mazin, mwanasayansi Valery Legasov anasimama mahakamani na vibao vyekundu na vya buluu, akieleza kwa nini kinu nambari 4 kililipuka tarehe 26 Aprili 1986. Maelezo hayo ni mazuri mno. Fito za kuzima kinu zilikuwa na sehemu za grafiti. Waendeshaji walipobonyeza kitufe cha dharura, grafiti ilishuka ikasukuma maji pembeni, na kwa sekunde chache nguvu ikapanda badala ya kushuka.

Lakini Legasov halisi hakuhudhuria kesi hiyo. Katika ripoti aliyowasilisha Vienna mnamo Agosti 1986, lawama kubwa ziliwaangukia waendeshaji. Simgombezi Mazin kwa kubuni. Hata Ulana Khomyuk ni mhusika wa kubuni anayewakilisha wanasayansi wengi. Ubunifu huu wa mahakamani, hata hivyo, unapotosha somo lenyewe, kwani mtazamaji anaamini kwamba usalama hutegemea jasiri mmoja wa kusema kweli. Kasoro ya fito ilikuwa imeonekana tangu 1983 katika kituo cha Ignalina, Lithuania. Wakubwa waliijua. Waliokuwa zamu usiku ule hawakuelezwa hatari yake. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walikuja kuuhamishia uzito wa lawama kwenye muundo wa kinu mwaka 1992. Dyatlov wa tamthilia, kwa makelele yake, anatusahaulisha hayo.

Sisi wa Mukuju, majirani wa mpaka wa Malaba, tunaijua lawama ya namna hii. Lori la mafuta likianguka na kuwaka, kama Sachang'wan mwaka 2009 ambako zaidi ya watu 100 walikufa, au Namungoona mwaka 2013, husemwa kwamba wachotaji walikuwa wajinga na wenye tamaa. Ni nani aliyewahi kuwaeleza kwamba mvuke wa petroli hutambaa chini chini hadi kwenye injini ya bodaboda iliyo mbali na lori?

Sasa Uganda inapanga kujenga kituo cha nyuklia huko Buyende. Baraza la Nishati ya Atomiki tunalo, na sheria yake ni ya mwaka 2008. Ninachotaka kujua ni kama kasoro itakayogunduliwa na fundi wa zamu itamfikia mvuvi wa Ziwa Kyoga, kwa Kisoga, wiki hiyo hiyo.