Mlango Mmoja Ukutani

Video ya harusi iliyopigwa kwa iPhone haichezi hivihivi kwenye kila televisheni ya sebuleni. Tangu 2017 simu hizo zinaweza kuhifadhi video kwa muundo wa HEVC, na televisheni nyingi zilizotengenezwa kabla yake hazijui kuusoma. Kati ya simu na televisheni anatakiwa mtu wa tatu: kompyuta ndogo nyuma ya kabati, inayofungua HEVC na kubana upya papo hapo kwa H.264, muundo ambao televisheni hiyo inaujua, huku shangazi akisubiri kumwona bibi harusi akiingia ukumbini. Ikiifanya kazi hiyo vizuri, hakuna mtu sebuleni atakayejua kwamba ipo. Kazi hiyo, na mafundi wanaoitengenezea njia, nadhani haijapata sifa inayostahili.

Kwanza uzito wa mzigo. Picha ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni mbili, na filamu huonyesha picha 24 kila sekunde. Bila kubanwa ni takriban megabiti 600 kwa sekunde, hata rangi zikihifadhiwa kwa ubahili. Filamu ya saa mbili ingemeza zaidi ya gigabaiti 500. Faili tunalolitazama kwa kawaida halifiki hata sehemu ya hamsini ya hizo.

Kilichopunguza mzigo huo ni akili za watu. Mwaka 1972 Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Kansas, Marekani, aliomba fedha za kuchunguza namna ya kuieleza picha kwa mawimbi ya kosaini. Akanyimwa, mmoja wa waliolipitia ombi lake aliona wazo lenyewe jepesi mno. Hakuliacha. Mwaka 1974 alilichapisha pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, na leo wazo hilo jepesi limo ndani ya picha za JPEG, na kwa sura iliyorahisishwa limo ndani ya H.264 na HEVC. (Waandikao maombi ya fedha za utafiti na walifurahie hili kimyakimya.)

Juu ya kosaini kuna ujanja wa pili, ule wa kutorudia lililokwisha kusemwa. H.264 huigawa picha katika vipande vya pikseli 16 kwa 16, kisha hukiuliza kila kipande kilikuwa wapi kwenye picha iliyotangulia. Ukuta wa ukumbi haukusogea, basi hauandikwi tena. Shela limesogea kushoto, basi unaandikwa mwendo wake na tofauti ndogo iliyobaki. Kumbe sehemu kubwa ya filamu ni maelekezo ya kusogeza vipande.

Na hapa ndipo ufundi unapopata uwanja, maana kiwango cha H.264 kinaamuru namna ya kufungua tu. Kubana kimemwachia fundi: atafute mwendo wa kila kipande kwa subira kadiri apendavyo, mradi matokeo yafunguke. Programu ya x264 hutafuta kwa subira kubwa, na prosesa hulipia subira hiyo kwa joto na kelele za feni. Mwaka 2011 Intel walileta Quick Sync, wakauhamishia utafutaji huo kwenye saketi maalumu, pembe ya silikoni isiyojua jambo lolote duniani isipokuwa video. Mwanzoni wapenda ubora waliibeza, na hawakukosea: kwa ukubwa uleule wa faili, programu yenye subira ilitoa picha safi zaidi. Pengo limepungua sana, lakini kwa maoni yangu bado ipo sababu ya kuiachia x264 usiku kucha kwa video utakayoihifadhi miaka mingi. Kwa shangazi anayesubiri sasa hivi, saketi ndiyo yenye haki. Prosesa ya N100 ya mwaka 2023 ina viini vinne na imepangiwa wati 6, nayo inabeba kazi hii bila kutoa jasho. Anayenunua umeme kwa Luku anajua thamani ya mashine ya namna hiyo ikikaa imewashwa usiku na mchana.

Lakini fundi wa nyumbani siku hizi hawekei seva ya filamu kompyuta yake peke yake. Huweka mfumo wa Proxmox, kisha ndani yake huigawa mashine kama nyumba ya vyumba vya kupangisha: chumba cha Jellyfin, ndiyo seva yenyewe ya filamu, chumba cha picha za familia, chumba cha kuzuia matangazo. Kuta hizo ni usalama wake. Chumba kimoja kikiungua, vingine havishiki moto. Taabu ni kwamba saketi ya video iko nje ya kuta zote.

Njia ya kwanza ya kuifikia ni kuikabidhi chipu nzima ya michoro, yenye saketi hiyo, kwa chumba kimoja kilicho mashine pepe. Inafanya kazi, ila mwenye nyumba mwenyewe anabaki bila chipu hiyo, hata skrini yake inaweza kuzimika. Ya pili ndiyo ninayoipenda: chumba kiwe kontena. Kontena hutumia kerneli ileile ya mwenyeji, kwa hiyo inatosha kulipitishia faili moja la kuifikia chipu, /dev/dri/renderD128, na vyumba viwili au vitatu vinaweza kulitumia kwa pamoja.

Faili likishapita, kazi haijaisha. Kwenye kontena lisilo na mamlaka, namba za watumiaji na za makundi husogezwa, kwa kawaida kwa 100,000, ili bosi wa ndani awe mtu wa kawaida huko nje. Basi kundi la «render» la mwenyeji likitazamwa kutoka ndani halina jina. Faili linaonekana mali ya «nogroup», na Jellyfin inagonga bila kufunguliwa. Wapo wanaomaliza ubishi kwa chmod 666, kila mtu aingie. Wengine hulikabidhi kontena mamlaka yote. Picha inacheza, naam, lakini ukuta uliojengwa kwa makusudi umebomolewa ili apite mtu mmoja. Fundi ninayemsifu huangalia namba ya kundi ndani ya kontena, akalipitisha faili likiwa na namba hiyohiyo, akamwingiza mtumiaji wa Jellyfin kwenye kundi hilo, basi. Mistari michache, isiyozidi haki inayohitajika.

Kisha hupima. Hufungua intel_gpu_top, akaona mstari wa «Video» umepanda na prosesa imetulia. Prosesa ikiwa bado inahema, husoma kumbukumbu za FFmpeg, programu ambayo Jellyfin huitumia kubana, atafute hatua iliyoponyoka kwenye chipu. Mara nyingi mshtakiwa ni maandishi ya tafsiri ya PGS, ambayo ni picha na si herufi: kicheza kisichoyajua hulazimisha yachorwe juu ya kila fremu, na filamu nzima ibanwe upya kwa ajili ya mistari miwili ya maneno. Fundi hutafuta tafsiri hiyohiyo kwa faili la SRT, lenye herufi tu, na kama televisheni inaisoma video yenyewe, filamu hupita kama ilivyo, saketi ikapumzika.