Tangazo la Biashara na Kipimo Chake

Watu wengi hulihukumu tangazo la biashara kama wanavyolihukumu shairi: hutazama utamu wa maneno na jinsi wasikiaji walivyoyashika. Lakini tangazo hulipiwa fedha ili kitu kinunuliwe, na mtu aweza kuliimba tangazo la sabuni mwaka mzima asinunue hata mche mmoja. Swali la haki ni hili: bila ya tangazo hilo, ni kitu gani ambacho kisingaliuzwa?

Jibondo, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe katika Mafia, chaonyesha ugumu wa swali hilo. Udongo wake ni haba, na kwa miaka mingi maji matamu yaliletwa kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa. Tuseme mwenye duka angalitangaza mapipa ya kuwekea maji wakati wa kiangazi, na mapipa yakauzwa mengi. Angalijisifu kwa kazi iliyofanywa na jua. Ndivyo wanavyojisifu na watangazao nguo karibu na Idi.

Mmarekani Claude Hopkins, katika kitabu chake Scientific Advertising cha mwaka 1923, alishauri kutia vikaratasi vya kukata na kurudisha, ili ijulikane kila mnunuzi ameletwa na tangazo lipi. Njia hii yashinda kubahatisha. Hata hivyo humhesabu pia yule ambaye angalinunua vivyo hivyo. Iliyo bora ni kulinganisha mahali palipotangazwa na mahali pasipotangazwa. Lakini hapa bahari huingilia kati. Tangazo likitolewa Jibondo na Juani ikaachwa, habari itavuka na abiria wa mashua. Na mpimaji, akiona mauzo yamelingana, atasema tangazo halikufaa, kumbe limefaa kote kuwili.

Kanga, nguo ya pwani nzima, ina fumbo jingine. Mwanamke huichagua kwa rangi, kwa mji wake, na zaidi kwa jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Pembeni, kwa herufi ndogo, baadhi yake zina chapa ya Mali ya Abdulla, ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa. Je, chapa ndiyo iuzayo nguo, au nguo ndiyo iliyoitukuza chapa? Mauzo ya mara ya kwanza hayawezi kujibu. Ya pili yaweza, iwapo mnunuzi ataitaja chapa kabla hajaonyeshwa nguo yoyote; na wauzaji, ambao husikia maneno hayo kila siku, ni wachache mno wanaoyaandika daftarini.

Mafundi wa Jibondo, wenye sifa ya kuunda vyombo, hawahitaji bango: chombo chenyewe hutia nanga Kilindoni kikaonekana. Hata hivyo fundi naye hana hesabu iliyo safi, kwa maana mteja hufika akiwa amekwisha kukiona chombo, amesikia sifa zake kwa nahodha, na ameulizia bei kwa jamaa.