Ushahidi wa Mnyongaji

Mnamo mwaka wa 1836 mshairi Mwingereza Robert Browning alitoa utungo wa mistari 60 ujulikanao leo kwa jina la Porphyria's Lover, yaani Mpenzi wake Porphyria. Msemaji ni mwanamume. Asimulia jinsi mwanamke alivyomjia usiku wa dhoruba, akafunga mlango, akakoka moto, akaketi kando yake na kumwonyesha mapenzi. Ndipo akazitwaa nywele za mwanamke huyo, akazizungusha mara tatu shingoni mwake, akamnyonga. Papo hapo ahakikisha kwamba mwenziwe hakuona uchungu.

Uzito wa utungo wote umo katika dai hilo. Alijuaje? Waswahili husema: Mwamba ngoma huvutia kwake. Koo ni njia ya pumzi na ni njia ya sauti; alibanaye humnyang'anya mtu zote mbili kwa mara moja, kisha hubaki shahidi peke yake. Browning hakumweka mtu wa kumkanusha msemaji wake. Kazi hiyo amemwachia msomaji. Asomaye bila shaka amekwisha kudanganywa.

Shaka hiyo ndiyo inayopotea siku hizi. Filamu za ngono zienezwazo katika intaneti huonyesha mwanamke akikabwa koo kana kwamba kukabwa ni desturi ya mapenzi. Lakini mwili haujui mchezo. Mishipa ya shingo ikibanwa, damu huzuiwa isifike ubongoni, na fahamu huweza kupotea kwa muda wa sekunde chache. Madhara huweza kuwapo hata pasipo alama shingoni. Aliyezimia hawezi kusema "basi", wala kuiondoa ridhaa aliyoitoa mwanzo.

Huko Uingereza wamekuwapo wanaume walioshtakiwa kwa kuua, wakadai mahakamani kwamba marehemu aliyataka mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja ya msemaji wa Browning. Mwaka 2021, miaka 185 baada ya utungo ule, sheria ya ukatili wa majumbani ya Uingereza na Wales iliandika wazi kwamba ridhaa ya kujeruhiwa vibaya kwa ajili ya ashiki si utetezi, ikafanya kukaba koo kuwa kosa mahususi.

Sheria hizo zimekuja baada ya maiti. Fasihi yaweza kutangulia, ikimzoeza msomaji kuuliza, kila aambiwapo kwamba mtu hakuumia: Je, ni yeye aliyesema?