Madirisha manane, mhuri mmoja

Ofisi yenye madirisha manane na mhuri mmoja haihudumii watu kwa kasi mara nane. Makarani wanane wataandika kwa bidii, lakini kila karatasi itangoja mhuri utoke mkononi mwa mwenzao. Kwa zaidi ya miaka 10 hali ya diski za mashine pepe ndani ya QEMU ilifanana na hiyo. QEMU ni programu huria aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, na ikishirikiana na KVM iliyo ndani ya kerneli ya Linux inabeba seva nyingi sana za kukodi. Toleo la 9.0, lililotoka Aprili 2024, liliruhusu kwa mara ya kwanza diski moja ya aina ya virtio-blk ihudumiwe na nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja, kila uzi ukiwa na foleni zake. Anayepitia orodha ya mabadiliko harakaharaka atadhani kilichoongezwa ni nyuzi. Mimi nasema nyuzi zilikuwa sehemu rahisi. Kilichokula muongo mzima ni kuusaka kila mhuri uliojificha ndani ya programu na kuuondoa, na msimamizi wa seva asiyelijua hilo ataongeza nyuzi bila kuona faida yoyote.

Kufuli kuu la QEMU, ambalo kila uzi ulipaswa kulishika kabla ya kugusa kifaa chochote, halikuwekwa kwa uzembe. Lilifaa diski za wakati wake. Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, na kwa wastani kichwa cha kusomea hungoja nusu ya muda huo kabla data haijafika chini yake. Diski ya namna hiyo, ikipewa maombi yaliyotawanyika huku na huko, hutimiza mia moja na ushee kwa sekunde. Programu ikipoteza mikrosekunde 20 kugombania kufuli, hakuna atakayehisi. Kisha Machi 2011 kikatoka kiwango cha NVMe, cha diski zisizo na sahani inayozunguka. AHCI, iliyokuwa ikitumika kabla yake, ina foleni moja ya amri 32. NVMe inaruhusu foleni zaidi ya 65,000. Kifaa kinachotimiza maombi milioni moja kwa sekunde kinaiachia programu, kama kila ombi linapita mkononi mwa uzi mmoja, mikrosekunde moja tu kwa ombi. Zile mikrosekunde 20 za jana sasa ni mara 20 ya muda wote uliopo.

Tulifuate ombi moja njiani. Mashine mgeni, yaani mashine pepe, inapotaka kusoma diski, dreva yake huandika maelezo ya ombi kwenye foleni iliyo ndani ya kumbukumbu inayoonwa na pande zote mbili. Huo ndio mpango wa virtio, aliouasisi Rusty Russell. Kisha dreva hubisha hodi kwa kuandika kwenye rejista ya kifaa, na hodi hiyo huikatiza prosesa pepe na kuirudisha mikononi mwa KVM. Katika mpangilio wa awali prosesa pepe ilitoka hadi ndani ya QEMU, ikashika kufuli kuu, ikalishughulikia ombi, ndipo mgeni akaendelea na shughuli zake. Utaratibu wa ioeventfd uliifupisha safari hiyo: KVM huipokea hodi, huuamsha uzi mwingine, na prosesa pepe hurudi kazini papo hapo. Lakini uzi ulioamshwa ulikuwa uzi mkuu wa QEMU, unaoshughulikia pia mtandao, skrini na amri za msimamizi, nao uliendelea kufanya kazi huku umeshika kufuli kuu.

Februari 2013, katika toleo la 1.4, Stefan Hajnoczi alileta njia ya mkato. Diski ilipewa uzi wake, nje kabisa ya kufuli kuu, ukiwa na msimbo wake wa kusoma foleni na kupeleka maombi moja kwa moja kwa Linux. Kasi ilipatikana, ila kwa gharama. Faili la diski lilipaswa kuwa la muundo wa raw, na mashine haikuweza kuhamishwa ikiwa hai. Mambo yanayomfanya mtu achague diski pepe badala ya diski halisi, kama snapshoti, yaliishi upande wa pili, kwenye tabaka la bloku la QEMU, na tabaka hilo lilikuwa bado limefungwa. Kwangu huu ndio ushahidi wa kwanza wa hoja yangu: uzi mpya ulipatikana katika toleo moja tu, lakini ulilazimika kuacha nyuma karibu kila kitu kilichotegemea kufuli.

Mwaka 2014 kikaja kifaa kinachoitwa IOThread, uzi ambao msimamizi anaweza kuuunda na kuukabidhi diski, na tabaka la bloku likafundishwa kufanya kazi ndani yake. Ulinzi ulitokana na kufuli jipya, moja kwa kila muktadha wa uzi, pamoja na kanuni kwamba diski na safu zote za faili zilizo chini yake ni mali ya uzi mmoja. Ilikuwa hatua kubwa, kwani mashine yenye diski nne sasa iliweza kuwa na nyuzi nne. Diski moja yenye kazi nyingi, hata hivyo, ilibaki na uzi mmoja. Angalia kilichofuata: tangu toleo la 5.2 la Desemba 2020, QEMU huipa diski ya virtio-blk foleni nyingi kadiri ya prosesa pepe za mgeni. Mgeni mwenye prosesa 16 aliona foleni 16, na kwa upande wa mwenyeji zote 16 ziliishia kwa mfanyakazi mmoja. Foleni hizo hazikuwa bure, maana ishara ya kukamilika kwa ombi iliweza kurudi kwa prosesa ileile iliyolituma. Lakini haziwezi kuupa uzi mmoja muda ambao hauna.

Kerneli ya Linux yenyewe ilikuwa imepitia somo hilohilo. Kila diski ilikuwa na foleni moja ya maombi inayolindwa na kufuli moja, na kwenye mashine za viini vingi kufuli hilo ndilo lililokaba koo. Mfumo wa foleni nyingi ulioingia katika Linux 3.13, Januari 2014, uliipa kila prosesa mahali pake pa kuweka maombi. Linux ilianza na umiliki, mgawanyo wa kazi ukafuata. QEMU ilifika hapo baadaye kwa sababu mzigo wake ni mgumu zaidi: diski yake inaweza kuwa faili juu ya faili juu ya faili, na mpangilio huo unaweza kubadilishwa na msimamizi anayechukua snapshoti wakati maombi elfu kadhaa yako njiani.

Suluhisho lake linastahili kutazamwa kwa makini. Kufuli la muktadha liliondolewa mwishoni mwa 2023. Ramani ya safu za diski sasa inalindwa kwa namna inayotofautisha msomaji na mbadilishaji. Uzi unaopitisha ombi ni msomaji tu, na hesabu ya wasomaji haiwekwi mahali pamoja, bali kila uzi una kihesabu chake. Hapo ndipo ustadi ulipo, kwa sababu kihesabu cha pamoja kingekuwa mhuri mwingine: viini vya prosesa vingenyang'anyana kipande kilekile cha kashe kwa kila ombi, hata kama neno kufuli halionekani popote kwenye msimbo. Anayetaka kubadilisha ramani ndiye anayebeba gharama yote: hungoja nyuzi zote zitoke, hubadilisha, kisha huziruhusu ziendelee. Snapshoti huchukuliwa mara chache kwa siku; maombi hupita maelfu kwa maelfu kila sekunde. Ni haki anayekuja mara chache ndiye alipe.

Msomaji makini atauliza kama maombi ya diski moja, yakigawanywa kwa nyuzi nne, hayatavuruga mpangilio na kuharibu data. Hofu hiyo ina msingi, lakini diski haijawahi kuahidi mpangilio kwa maombi yaliyo njiani pamoja. Hifadhidata inayotaka A iandikwe kabla ya B hungoja jibu la A, huamuru kashe imwagwe, ndipo huituma B. Mwingine atasema haya yote yangeepukwa kwa kuitoa diski nje ya QEMU na kuikabidhi kwa programu ya SPDK, ambayo huchungulia foleni bila kupumzika. Kwa kasi pekee, pingamizi hilo lina nguvu, na anayetoa kiini kizima cha prosesa kwa diski hatajuta. Ila kiini hicho hutumika asilimia 100 hata usiku mgeni akiwa amelala, na zile huduma za tabaka la bloku zinaachwa tena, kama mwaka 2013. IOThread hushika njia ya kati: huichungulia foleni kwa muda usiozidi nanosekunde 32,768, kama msimamizi hajaubadilisha, kisha hulala hadi hodi ibishwe.

Kwa hiyo swali la nyuzi ngapi zinatosha halijibiki kwa kuhesabu prosesa za mgeni. Nyuzi hizo hula viini vilevile vinavyoendesha prosesa pepe, na kwenye seva iliyojaa, uzi wa tano unaweza kumnyima mgeni muda wa kufanya kazi aliyoiombea data. Tazama kwanza matumizi ya kila uzi: kama IOThread mmoja umefika asilimia 100 na diski halisi bado ina nafasi, ongeza; kama hakuna uliojaa, tatizo liko kwingine. Kisha tazama muundo wa faili. Diski ya raw huziachia foleni zipite bila kukutana. Diski ya qcow2 hutunza majedwali yanayoonyesha kila kipande kiko wapi, na majedwali hayo bado yana kufuli la pamoja kwa faili zima. Nyuzi nne zinazoandika kwenye sehemu ambazo faili halijazitengea nafasi hukutana hapo, moja baada ya nyingine, zikingoja zamu.