Mkia wa Neno "Fonimu"

Katika vitabu vya sarufi vinavyowafikia walimu twakuta maneno fonimu, mofimu na leksimu, yote yenye mkia mmoja, -imu. Wako wasomao mbio wakadhani mkia huo ni ndugu wa elimu na mwalimu. Sivyo. Hayo mawili ni ya asili ya Kiarabu, na ile m ni ya shina lenyewe. Fonimu asili yake ni Kiyunani, fonema, yaani sauti iliyotolewa. Huko mkia ulikuwa -ma tu, kama katika baptisma, neno la Agano Jipya tuliitalo ubatizo. Wataalamu wa Ulaya walipotaka kuunda maneno mengine kwa mfano huo, walikata mahali pasipostahili, wakachukua na irabu ya shina. Tusiwacheke, wazee wetu walipokea kitab la Waarabu, wakadhani ki- ni ngeli, wakasema vitabu.

Lakini mkia huo uliokatwa vibaya wafanya kazi njema, na hapa tuna neno na waandishi wengine. Waandika fonimu po pote penye sauti, kana kwamba ni jina la heshima tu. Mkia -imu wasema zaidi: ni kipande kibaguacho maana katika lugha fulani. Wenyeji wengi wa pwani hutamka kaa la moto kwa k kavu, na kaa wa baharini kwa k yenye pumzi. Vivyo hivyo paa la nyumba na paa wa mwituni. Kwao hizo k ni fonimu mbili. Huku Kilosa wengi wetu twazitamka sawa, wala hatujasikia Mkaguru aliyetia kaa wa baharini jikoni apate moto! Basi mwalimu amwadhibuye mtoto kwa ajili ya pumzi hiyo amemwonea, maana hata maandishi ya Kiswahili sanifu hayaionyeshi.

L na r ni habari nyingine. Tuliwahi kusomewa barua ya kijana aliyewaandikia wakwe zake, "Nimepata mahali." Wakafurahi kwamba amepata kiwanja, wakamjibu: jenga, lakini mahari iko wapi? Kijana akaona amedharauliwa, na arusi ikachelewa mwaka mzima. Hapo ndipo mwalimu alipopaswa kusahihisha mapema.

Kenneth Pike, aliyewafundisha wafasiri wa Biblia, alitoa mwaka 1947 kitabu kizima cha kutafuta fonimu, ili lugha zisizoandikwa zipate herufi zake. Mtu atakaye kuandika Kikaguru au Kividunda akiipa kila sauti herufi, atawachosha wasomaji. Akiinyima fonimu moja herufi yake, atawapoteza, kama kijana yule alivyowapoteza wakwe zake.

Kwa hiyo twawaomba waandishi hao, wanapokusudia sauti, waandike sauti. Habari za mofimu tutazisema mwezi ujao, Mungu akipenda.