Kitabu cha Nani?

Kwa miaka minne nilifundisha Mbinu za Hisabati kwa wanafunzi wa fizikia wa mwaka wa pili, na miaka yote hiyo nilitumia kitabu cha George Arfken. Nakiri kwamba sikuwafikiria wanafunzi nilipokichagua. Nilikipenda mimi, kwa kuwa kilinifaa nilipoandika tasnifu yangu.

Siku moja alikuja ofisini kijana aliyekuwa akirudia mwaka. Akafungua daftari: amenakili kwa mkono sura nzima ya kwanza. "Mwalimu," akasema, "nimeiandika yote, lakini sijui inaanzia wapi." Sikuwa na jibu.

Likizo ile niliviweka vitabu mezani nikavisoma kama yeye. Arfken, katika matoleo ya zamani tuliyokuwa nayo, huanza na vekta kwa mwendo wa mtu anayemkumbusha mwenzake jambo walilokwisha kulijua. Ni ghala lenye kila kitu, lakini ghala halimfundishi mtu kupika.

Nikachukua kitabu cha uhandisi cha K. A. Stroud, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1970. Hicho hukata somo vipande vidogo vidogo, na karibu kila kipande kina swali, jibu likifuata. Hapotei mtu humo. Hofu yangu ni kwamba aliyeshikwa mkono kila hatua huduwaa anapopewa tatizo lisilo na hatua zilizoandikwa.

Mwisho nikamfungua Mary Boas. Kitabu chake na cha Arfken vyote vilitoka mwaka 1966, lakini yeye huanza na mifululizo isiyo na kikomo, tena kwa mambo ya kawaida kama mpira unaodunda. Udondoshe mpira kutoka mita 1, kila mara upande nusu ya kimo cha awali: madundo hayana idadi, lakini safari nzima ni mita 3. Mwanafunzi anaweza kulihesabu hilo mwenyewe usiku, bila mwalimu.

Kasoro anayo. Mara nyingi hutaja kanuni bila kuithibitisha, na wenzangu wa idara ya hisabati walinilaumu kwa hilo. Lawama yao ina haki: anayetumia kanuni bila kujua inapokoma kufanya kazi, siku moja itamwangusha. Kwa hiyo nilimchagua Boas, nikaandika kurasa zangu chache za uthibitisho na mifano ya pale kanuni zinapovunjika, nikazigawa darasani.

Yule kijana alifaulu, kwa alama za wastani. Huenda angefaulu hata kwa kitabu kingine; sijui. Ninalojua ni kwamba muhula ule alikuja ofisini mara nyingi, na kila mara alionyesha kwa kidole mstari aliokwama. Arfken bado yuko kwenye rafu yangu, namfungua kwa kazi zangu mwenyewe.